Nilivyompoteza mama mkwe Addis tukisubiri ndege ya pili

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mi niko Bujumbura, mtaa wa Kamenge, nauza vipuri vya pikipiki. Kiswahili changu ni hiki cha huku kwetu, kimelala kitanda kimoja na Kifaransa na Kirundi, kwa hiyo mnivumilie.

Kisa ni cha kweli tupu. Mke wangu yumo humu jukwaani na anasoma kila mstari, sina hata upenyo wa kuongeza chumvi.

Twende.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anaishi Canada. Alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza, akasema bila mama yake kuwepo, hazai. Sijui angezuiaje, ila ndivyo alivyosema.

Mama mwenyewe, yaani mama mkwe wangu, kwa Kirundi tunamwita mabukwe. Ni mkulima wa Ruziba, goti moja linamsumbua, na ndege alikuwa anaziona zikipita juu ya mihogo yake tu. Mke wangu asingeweza kumsindikiza, alikuwa na kichanga nyumbani.

Familia ikakaa kikao. Wote wakanigeukia mimi.

"We si umeshapanda ndege?" mke wangu akauliza.

Kweli nilishapanda. Bujumbura mpaka Nairobi, moja kwa moja, unakaa, unapewa soda, unashuka. Hiyo ndiyo digrii yangu ya usafiri.

Sasa kabla sijaendelea, kuna jambo lazima mlijue.

Kwetu mwanaume na mabukwe wake wanaheshimiana mpaka wanachoka. Humkumbatii. Humwiti jina. Na kubwa kuliko yote, hamuonani mkila. Mi nina miaka ya kutosha kwenye ndoa na sikuwahi kumwona yule mama akimeza hata maji.

Halafu tukapewa viti vya kugusana mabega.

Ndege ya kwanza chakula kilipokuja, nikasema nimeshiba. Naye akasema ameshiba. Trei zikapita zikinukia kuku, sisi tumetazama mbele kama tuko kwenye ibada.

Tukatua Addis. Hapo ndipo tulikuwa na correspondance, yaani unashuka ndege moja unasubiri nyingine.

Wakuu, uwanja wetu wa Bujumbura ukisimama mlangoni umeshauona. Unashuka ngazi, unatembea kwa miguu yako, umefika. Addis ni mji mzima wenye paa! Ngazi zinatembea, maduka, milango ya kupandia ndege, sisi tunaiita porte, yenye herufi na namba, watu wanakwenda mbio na valise zao za magurudumu. Mabukwe akaanza kuwasalimia mmoja mmoja. Hakuna aliyeitikia.

Akanigeukia. "Mukwe, hawa watu wamefiwa?"

Kwa sababu ya goti tulikuwa tumemwombea kiti cha magurudumu. Dada mmoja wa uwanja akamsukuma, kikapu chake mapajani, hadi sehemu ya kusubiria, akaniambia kitu kwa Kiingereza. Sikuelewa vizuri, nikaitikia "yes" kwa heshima zote.

Hiyo yes ndiyo iliyoniponza.

Tukakaa. Njaa ikakaa na sisi. Tumbo langu lilikuwa linaongea lugha zote tatu za nyumbani. Mwishowe nikasimama.

"Mabukwe, naenda kuangalia porte yetu iko wapi."

"Nenda, mukwe," akasema haraka sana. "Usikimbie. Angalia vizuri."

Nikaenda kununua mkate wenye kuku ndani. Nikajificha nyuma ya nguzo, nimeelekea ukutani, nikala kama mwizi. Wapita njia walikuwa wananionea huruma. Utamu wa ule mkate siwezi kuueleza hapa.

Nikarudi nimeridhika.

Mabukwe hayupo.

Kiti cha magurudumu hakipo. Kikapu chake hakipo. Yule dada hayupo. Niliangalia mpaka chini ya mabenchi, wakuu, utafikiri nimedondosha ufunguo.

Na simu ikaita papo hapo. WhatsApp. Mke wangu.

"Mumefika salama? Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa karibu," nikasema.

Sikudanganya. Tulikuwa bado ndani ya uwanja mmoja.

Nikakimbilia porte iliyoandikwa kwenye bordingi pasi. Nafika, naona watu wanakwenda nchi nyingine kabisa. Kumbe porte ilibadilishwa, na kwenye skrini ilikuwa imeandikwa muda wote. Mpya iko upande wa pili, na kufika huko lazima upite ukaguzi tena. Vua viatu. Vua mkanda.

Yule mama hajui Kiingereza, hajui Kifaransa cha maana, na nilikabidhiwa na ukoo mzima. Je, kama wamempandisha ndege ya China? Nitarudi Ruziba niseme nini? Nilianza kuwaona baba mkwe na wajomba wamepanga viti uani, wananisubiri.

Spika ikaita jina langu. Jinsi walivyolitamka sikulitambua, jirani yangu wa kwenye foleni ndiye aliyesoma bordingi pasi mkononi mwangu akanishtua: ni wewe huyo!

Nikakimbia. Viatu nimevaa, mkanda mkononi, suruali nimeishikilia kwa mkono wa pili.

Nikaona porte kwa mbali, na mlangoni pana kelele.

Mabukwe alikuwa kwenye kiti chake katikati ya njia kabisa. Amevuta breki ya gurudumu na ameing'ang'ania kwa mikono miwili, mikono iliyozoea jembe. Yule dada, ambaye kumbe nilimwitikia yes kwamba atangulie naye porte, anambembeleza. Mwanaume mwenye redio anambembeleza. Yeye anajibu neno moja tu:

"Apana! Mi siendi fasi hata moja bila mukwe wangu. Apana!"

Hawakuelewa Kiswahili, lakini breki waliielewa.

Aliponiona akashusha pumzi, akanitazama toka juu hadi chini, mpaka kwenye ule mkanda.

"Mukwe. Ulienda kuangalia porte ama kuijenga?"

Kisha akaonyesha kidevu chake mwenyewe kwa kidole. "Pangusa hapa."

Nilikuwa na mayonezi mpaka karibu na sikio.

Niliomba sakafu ya Addis ipasuke.

Tukaingia ndege. Viti vya kugusana mabega tena. Chakula kikaja. Nikafungua mdomo niseme nimeshiba, mabukwe akaniwahi.

"Muwekee," akamwambia mhudumu kwa ishara. "Na mi uniwekee."

"Mabukwe..."

"Sikia, mukwe. Yule binti alipokuja kunichukua, unafikiri kwa nini sikukataa?"

Nikasema sijui.

"Nilikuwa nimejaza viazi vitamu mu kinywa. Vya ku kikapu. We ulipoondoka tu, nikavitoa. Mutu akinikuta hivyo, nitasema apana namna gani? Nikasukumwa tu. Nilimaliza kutafuna tukiwa tumeshapita maduka yote."

Wakuu, nilicheka mpaka mtu wa mbele akageuka. Naye akacheka, kitenge mdomoni, machozi yanamtoka. Halafu kila mtu akageuka upande wake kidogo, mi kwenye korido, yeye dirishani, tukala. Nikasikia anatafuna. Dunia haikuanguka.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mabukwe yupo. Tukarudi Bujumbura, na mila ikatua pamoja na sisi. Jumapili iliyofuata nilikwenda Ruziba, akaniletea sahani, akatoka, akafunga mlango. Ila kabla hajaufunga alinitazama, nikajua anavikumbuka vile viazi.

Nilichojifunza: usiitikie yes usichokielewa. Skrini iangalie kila mara, karatasi mkononi inaweza kuwa imeshapitwa. Na kama unasafiri na mkwe wako, ongeeni habari ya njaa kabla hamjatoka nyumbani. Heshima ni nzuri, ila karibu itupeleke nchi mbili tofauti.

Nyie wenye wakwe, huko kwenu mkisafiri pamoja mnakulaje? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.