Ini Lililojaza Tumbo

Ini la kuku yule lilijaza tumbo zima, na juu yake palikuwa na vinundu vyeupe vya ukubwa wa maharage. Bwana mifugo aliliweka juu ya jani la mgomba. Kisha akapasua mapaja, akatuonyesha mishipa miwili ya fahamu: mmoja mwembamba kama uzi, mwingine umevimba kama kamba ya katani.

Zamani kuku wa mama hawakuwa na matumbo yaliyovimba hivyo. Walikuwa mbegu ya marehemu bibi, kitu pekee chake tulichobaki nacho tulipohamishwa kutoka mlimani kwenda kijiji kipya karibu na Titye. Kule mlimani, mara moja moja kuku mchanga alilala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, akafa. Waliobaki walinenepa. Kijijini nyumba zilikaribiana, kuku wetu wakachanganyika na wa jirani, aliyeleta jogoo wa kisasa kutoka Kasulu mjini. Ndipo vifo vikaongezeka.

"Ugonjwa umetoka kwako, dada," jirani alisema.

"Wangu walikuwa wanalemaa tu," mama akajibu. "Haya matumbo yamekuja na bwana harusi wako wa mjini."

"Bwana harusi! Mbona hukumfukuza alipokuja kuposa?"

Bwana mifugo alicheka huku akinawa mikono. Alisema huenda wote wawili wanasema kweli. Kuna virusi vinavyovimbisha mishipa na kudhoofisha kinga ya mwili. Kuna vingine vinavyootesha uvimbe kwenye ini. Kuku akivipata vyote, uvimbe unaweza kuja upesi zaidi. Dawa hakuwa nayo. "Chinjeni wote, mchome moto."

Jirani alianza na jogoo. Mama naye alichinja wake, akabakiza mtetea mmoja mwekundu, mzee, mzima kabisa.

"Mama, huyu anaweza kubeba ugonjwa bila kuugua," bwana mifugo alimwonya.

"Basi abebe. Ni wa mama yangu."

Alimfunika kwa tenga jikoni, baadaye akamwazimia jogoo kutoka mlimani. Mbegu ya bibi ikapona. Lakini katika kila uzao, mmoja au wawili walilemaa, na mara mbili tulikuta ini lenye vinundu.

Mtetea alipokufa kwa uzee, niliomba tumpasue tuone. Mama alikataa, akamzika mzima nyuma ya migomba. Kama ugonjwa ulikuwa ndani yake au kwenye udongo wa ua wetu, hatukujua.