Mpara Samaki Aliyeambiwa Apike

Mdogo wangu amepara samaki sokoni kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kumpika hata mmoja. Naanza na hilo kwa sababu wateja wake walikuwa hawalijui. Wao humwita Fundi. Humletea samaki aliyetoka majini asubuhi hiyo hiyo, naye humlaza juu ya meza ya saruji, akampara magamba, akampasua tumbo, akatoa matamvua, akamsuuza, na wakati wote huo mdomo wake haupumziki.

"Huyu nyama yake nyeupe, laini," huwaambia. "Usimtese. Mkaushe maji, mpake chumvi na ndimu, mafuta kidogo kwenye kikaango, basi. Ukimtia viungo kumi utakula viungo, samaki utamsikia kwa majirani."

Watu hucheka, huondoka wakirudia maneno hayo. Maneno yenyewe ni yangu, mpaka hilo la majirani. Mimi ndiye ninayempikia tangu nilipofiwa na mume wangu nikahamia kwake, na nina tabia ya kusema peke yangu nikiwa jikoni. Yeye hukaa mlangoni akisubiri chakula, anasikiliza, anakula, na kesho yake anakwenda kuyagawa sokoni kana kwamba ameyaota. Sikuwahi kumuuliza. Lakini nilikuwa nimeliweka moyoni.

Sasa, nyuma ya soko kuna zahanati, na katika zahanati hiyo kuna muuguzi ambaye sisi sote tunamwita Nesi. Mwanamke wa makamo, mjane kama mimi, sauti ya upole na macho yasiyodanganyika. Kwa miezi minane alikuwa akileta samaki wake kwa mdogo wangu kila Ijumaa, akisimama na mkoba wake begani, akisikiliza mafundisho. Mdogo wangu akaanza kunyoa ndevu kila Ijumaa asubuhi. Halafu akaanza kunyoa Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi tena, mpaka kidevu kikawa chekundu. Mimi si mtoto, nikaelewa.

Siku alipopata ujasiri wa kumwambia kwamba anataka kumuoa, mkono mmoja ulikuwa na kisu na mwingine umeshika samaki mkia. Nesi hakushtuka.

"Miezi minane unanifundisha kupika," akamjibu. "Sasa nipikie. Jumapili mchana nitakuja kwako na samaki wangu, umpike wewe mwenyewe nikikuona. Nikishakula, nitakupa jibu."

Alirudi nyumbani amepauka.

"Dada, nimekwisha."

"Umekwishaje? Si wewe ndiye bingwa?"

"Dada, tafadhali."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipotulia alikuwa ameshapanga njama: mimi nijifiche nyuma ya pazia la jikoni nimnong'oneze. Nilimkumbusha kwamba jiko letu halina pazia. Lina mlango mmoja, dirisha dogo la kutolea moshi, na mimi mwenye mwili wangu huu sina pa kujificha humo.

"Kwa hiyo utajifunza," nikamwambia. "Kesho Jumamosi. Lete samaki wawili."

Aliwaleta, wamekwishaparwa na yeye mwenyewe sokoni. Hata hivyo alipofika nyumbani akachukua kisu akaanza kuwapara upya. Akawasuuza. Akawapara tena chini ya mapezi.

"Huyo anakwenda kuliwa," nilisema, "haendi kupigwa picha."

Nikamwonyesha. Unamkausha samaki kwa kitambaa mpaka ngozi isiteleze, maana maji ndiyo yanayomfanya ashike kikaangoni. Chumvi, ndimu kidogo. Mafuta yakishapata moto unamlaza, ngozi chini, halafu unamwacha. Humgusi mpaka ajiachilie mwenyewe. Ukiona nyama imetoka kwenye ule uangavu wa kioo ikawa nyeupe pembeni, unamgeuza mara moja tu, taratibu, basi.

Hapo kwenye kumwacha ndipo mambo yalipokwenda kombo. Mezani kwake samaki hakai upande mmoja. Ni mikwaruzo mitatu, geuza. Mikwaruzo mitatu, geuza. Mkono wake umefanya hivyo miaka kumi na tisa na haungoji ruhusa ya kichwa. Samaki hajamaliza hata nusu dakika, mwiko ukaingia chini yake. Akageuzwa. Akageuzwa tena. Sitii chumvi, nilihesabu mara kumi na moja.

"Mwache!"

"Sijamgusa!" alisema, samaki akiwa hewani.

Tulichopakua kilikuwa kama makombo ya mkate. Samaki wa pili nikabadilisha njia. Nilimwambia apange nyanya, kitunguu na tangawizi kwenye sufuria, atie maji kikombe kimoja, yakichemka alaze samaki juu yake, apunguze moto na kufunika. Kilichofunikwa hakigeuzwi. Akitaka lazima kufanya kitu, ashike masikio ya sufuria aitikise. Nilitoka kwenda kuanua nguo, niliporudi mfuniko ulikuwa sakafuni na yeye anageuza.

"Kesho utapika hivi hivi kwenye sufuria," nilimwambia, "na mikono utaitia mfukoni. Ukisikia nakohoa, ujue imetoka."

Nikiri jambo moja. Nilipokuwa nasugua sufuria ile niliwaza kwamba akiharibu, maisha yetu yatabaki yalivyo, na jiko litabaki langu. Nilijionea aibu. Lakini niliwaza.

Jumapili Nesi alifika saa sita kamili na samaki mrefu kama mkono mpaka kiwiko, mgumu, macho yanang'aa, matamvua mekundu. Mdogo wangu alimpara uani kwa dakika tatu, kazi safi isiyo na kasoro, na Nesi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukaingia jikoni. Nesi akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mimi nikasimama karibu na dirisha.

"Utatumia nini," Nesi akauliza, "sufuria au kikaango?"

"Kikaango," alisema mdogo wangu.

Nikafumba macho. Mwanamume na sifa.

Alianza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alimkata vipande viwili vikubwa na kichwa, akavikausha, akatia chumvi na ndimu, mafuta yakapata moto, akavilaza ngozi chini. Kisha akatia mikono mfukoni. Dakika moja ikapita. Mbili. Jasho lilimtoka mpaka kwenye masikio, lakini mikono ilikaa. Nikaanza kumwonea fahari.

"Unaonekana umezoea," Nesi akasema kwa upole.

Sifa zikammaliza. Alitabasamu, akalegea, na mkono ukatoka. Geuza. Nikakohoa. Geuza. Nikakohoa kama mgonjwa wa kifua, mpaka Nesi akaniuliza nimeanza lini kukohoa hivyo. Nilipomaliza kumjibu, kichwa cha samaki kilikuwa upande mmoja wa kikaango, na kile kilichobaki hakikuwa vipande viwili tena wala ishirini.

Mdogo wangu akakitazama. Akazima moto, akaweka mwiko chini.

"Nesi," alisema, "mimi sijui kupika. Sijawahi kumpika samaki kabla ya jana. Yale maneno yote niliyokuwa nakwambia ni ya dada. Mimi najua kupara tu. Nisamehe."

Nilisahau hasira zangu zote. Nilitamani nimpe ule ulimi wangu wote aendelee nao.

 Nesi aliinuka, akachukua kipande kikaangoni kwa vidole, akakila polepole akifikiri. Halafu akanigeukia mimi.

"Dada, niambie ukweli. Huyu anafundishika?"

Neno moja tu lilitakiwa, na mdogo wangu hakuthubutu hata kuniangalia. Alikuwa anatazama sakafu. Ningeweza kucheka tu, yakaisha hapo.

"Mwaka juzi nilivunjika mguu," nilisema. "Miezi mitatu sikuweza kusimama hapa. Akawa ananikorogea uji kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Siku ya kwanza ulikuwa na mabonge. Siku ya mwisho ulikuwa na mabonge."

Mdogo wangu akafunika uso kwa mikono.

"Kwa hiyo hafundishiki," Nesi akasema.

"Kupika, mimi nimeshindwa. Lakini hakukosa asubuhi hata moja. Na alikuwa hatoki mpaka nimalize, hata soko likifunguliwa bila yeye. Anakaa pale ulipokaa wewe, anasubiri bakuli."

Nesi akala kipande kingine. Kisha akafungua kabati kama aliyekuwa akijua vyombo viko wapi, akatoa sahani, akamkabidhi mdogo wangu.

"Ndiyo," akamwambia. "Sasa pakua. Sahani tatu, na uanze na ya dada. Yeye ndiye hajapikiwa samaki siku nyingi."

Nilitaka kusema kwamba kupakua ni kazi yangu. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshanivutia kiti, nikakaa, nikapakuliwa.