Nyatiti Kati ya Idara Mbili

Nashon Omollo ana kibanda Dagoretti, karibu na machinjio, anakopata ngozi za kuwamba nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo. Huchonga, hupiga na huuza. Mteja akija, Nashon huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, humpigia wimbo, na mteja akipendezwa, hununua. Miaka yote hiyo hakujua kwamba anafanya kazi mbili zisizopaswa kuonana. Serikali ndiyo iliyomfumbua macho.

Katikati ya jiji palikuwa na ofisi iliyotangaza biashara ya nchi na utamaduni wake kwa wageni. Wakubwa wakaigawanya kwa ajili ya ufanisi, wakasema. Biashara ikapewa Bwana Gichuru, utamaduni ukapewa Madam Kamene, kila mmoja na gari lake na ghorofa yake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana hata kwenye lifti.

Kisha ikaandaliwa hafla ya mabalozi huko Karen, katika bustani ya tajiri mmoja. Kamene alimpigia Nashon simu aje kutumbuiza. Gichuru naye akampigia alete nyatiti za kuuza.

"Si ni safari moja tu?" mkewe, Phoebe, akauliza.

"Ni safari moja," Nashon akajibu, akafurahi. Maskini.

Alipofika alikuta mahema mawili, moja la Gichuru, jingine la Kamene. Vijana wa Gichuru wakachukua nyatiti zote, wakazipanga mezani na kuzibandika vibandiko. Nashon akapelekwa hema la pili, akavishwa manyoya ambayo babu yake angeyacheka, akaketishwa kwenye kigoda mikono mitupu.

"Madam, nitapiga nini?" akauliza.

"Omba moja kwa Gichuru."

Gichuru alikataa kabisa. "Mzee, hizi ni sampuli. Zikipigwa, zinakuwa utamaduni, na hiyo si docket yangu, ni ya Kamene."

Balozi mmoja, mama mwenye mvi, alisimama mezani akauliza nyatiti inalia vipi. Gichuru akaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikitimaji. "Inalia vizuri sana," akasema. Mama akavuka hadi kwa Nashon, akamuuliza bei. Kabla Nashon hajafungua mdomo, Kamene akaruka: "Hapa hatuuzi, Mheshimiwa. Hapa ni urithi."

Nashon akainuka. Alivua yale manyoya, akaenda mezani, akajitwalia nyatiti moja na kibandiko chake, akaketi kwenye nyasi katikati ya mahema. Akapiga. Akaimba kwa Kijaluo juu ya majogoo wawili waliogawana kuku, mmoja akachukua mayai, mwingine utagaji, na kuku akafa njaa. Majogoo aliwataja kwa majina, Gichuru na Kamene, tena mara nyingi. Madereva na wahudumu Wajaluo wakacheka hadi wakashikana mabega. Gichuru na Kamene, wasiojua Kijaluo, waliposikia wanatajwa walidhani wanasifiwa. Wakatabasamu. Kamene hata akatikisa mabega.

Wimbo ulipoisha, yule mama akataka kuinunua ile nyatiti papo hapo. Hapo wakubwa wakaja mbio wote wawili.

"Hii ni bidhaa, mauzo ni yangu!"

"Imepigwa! Ikishapigwa ni yangu!"

Walibishana mpaka mama akatazama saa, akaaga, akaingia garini. Nashon akakusanya nyatiti zake zote akarudi Dagoretti, hajauza hata moja.

Baadaye kila idara ilitoa jarida lake, picha ya Nashon ikiwa mbele: moja likimwita mjasiriamali, jingine mlinzi wa urithi. Phoebe aliyatumia kuwashia jiko.

Juzi Kamene alipiga simu tena, kuna wageni wengine. Nashon alikuwa anawamba ngozi, akaweka simu begani.

"Madam, mwambie Gichuru apige, wewe uuze," akasema. "Mimi niko kazini."