Kiti cha Mama Mkwe

Tulifundishwa kwamba mgonjwa huangaliwa machoni. Kiti kwa kiti, magoti yaelekeane, mikono isifungwe kifuani. Hiyo ndiyo saikolojia ya afya tuliyolishwa miaka ya tisini, sisi wanafunzi wa ushauri nasaha tuliopelekwa mazoezini katika hospitali moja mjini Kakamega. Nilipouliza ni nani aliyeamua hivyo, msimamizi wetu alinijibu, "Wewe kijana, ubishi si akili."

Nikapewa mama mmoja mwenye kisukari. Kidole chake cha mguu kilikuwa kimeoza, na madaktari walitaka kukikata kabla uozo haujapanda. Hakutaka. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia aamue.

"Wewe ni wa wapi?" aliniwahi.

"Khwisero, mama."

"Mtoto wa nani?"

Nilipomtajia baba, alishika shavu. "Uwii! Msichana wangu ameolewa na ndugu yako. Wewe ni mkwe!"

Mahari ilipelekwa nikiwa chuoni, sikuwahi kumwona. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaangaliani, na ndugu wa mume ni mkwe vilevile. Akainuka kwa mkongojo, akageuza kiti, akanipa mgongo.

Desturi hiyo niliiona upuuzi, na bado naiona hivyo. Watu wazima kukwepana kama wezi! Lakini niligeuza kiti changu pia, na tulipokaa mgongo kwa mgongo akaanza kusema. Aliogopa kwamba wangeanza na kidole wamalizie na paja, kama walivyomfanya jirani yake.

"Ukisimama hapo mlangoni bila kunitazama, usikie madaktari wakiahidi kukata kidole tu," alisema, "kesho nitakubali."

Ndipo msimamizi akaingia. "Huu ni ushauri au mmegombana?" Akashika kiti cha mama, akakizungusha naye akiwa juu yake; nami nilikuwa nimegeuka kumwona aliyeingia, tukatazamana.

Mama alijifunika uso kwa leso. "Mnanivua nguo mbele ya mkwe." Akachukua mkongojo, akaenda zake nyumbani.

"Mgonjwa amekataa huduma," msimamizi alisema.

"Umemfukuza wewe."

"Na wewe utarudia somo hili."

Mama aliporudishwa hospitalini majuma machache baadaye, alikuwa hajitambui. Mguu ukakatwa juu ya goti. Juma hilohilo msimamizi alitufundisha kuhusu wagonjwa wanaoukana ugonjwa wao, na mfano wake alikuwa mama huyo. Wenzangu waliandika. Nilisimama, nikageuza kiti changu, nikampa msimamizi mgongo mpaka kipindi kikaisha.