Mzazi Ambaye Hakuitwa

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Oakdale, Marekani, hakujua kwamba yule mchezaji wa mkono wa kushoto tuliyekuwa tukimtazama kwenye televisheni ni mwanangu. Kibandiko changu cha kazi kina jina langu la kwanza tu, na jina lililo mgongoni mwa jezi ya mwanangu ni la babu yake mzaa baba. Mzee alijaribu kulitamka jina hilo Jumamosi kadhaa, likamshinda, akabaki kumwita Mshoto. Watangazaji wa mpira wa kikapu nao lilikuwa likiwashinda, kila mmoja kwa namna yake. Basi nilikuwa namwekea mzee mto mgongoni, namsogezea kiti karibu na televisheni, kisha naanza kukunja nguo zake polepole sana ili kazi isiishe kabla ya mchezo.

Mzee alikuwa akimsifu mwanangu bila kujua kuwa anayesikiliza ni mamaye. Nilikuwa mchoyo wa raha hiyo, nakiri. Watu wa kwetu wakimsifu mtoto wako mbele yako, hujui kama wanamsifu kweli au wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyu mzee, aliyefanya kazi miaka yake yote kwenye maghala ya nafaka ya mji wa Savage kando ya mto, hakuwa na sababu ya kunifurahisha. Akisema, "Mshoto ana adabu uwanjani, amelelewa huyo," mimi nilikuwa nageukia kabati nikicheka peke yangu.

Mwanangu alikuwa akisoma na kuchezea chuo kimoja cha jimbo jirani, mbali kiasi cha kutwa nzima barabarani kwenda na kurudi. Baba yake alirudi Kenya akabaki huko, na hilo ni jambo lingine ambalo halina utamu. Nyumbani Apple Valley nilikuwa nimebaki mimi na viatu vyake vya zamani, vikubwa kama mitumbwi, ambavyo sikuweza kuvitupa.

Habari ilinifikia nikiwa kwenye mapumziko ya shifti. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinitumia kiungo cha gazeti bila neno lolote, mama yuleyule aliyekuwa amenitumia tangazo la sufuria wiki iliyotangulia. Nilifungua nikitarajia sufuria. Gazeti lilikuwa limenukuu taarifa ya chuo: mchezaji huyu amesimamishwa kwa muda usiojulikana kwa kukiuka kanuni za timu, na chuo hakitatoa maelezo zaidi. Chini yake kulikuwa na picha ya mwanangu akiwa amekunja uso. Wana picha zake nyingi akicheka, lakini siku hiyo waliitafuta hiyo.

Nikasoma maoni ya watu, jambo ambalo simshauri mzazi yeyote. Mmoja aliandika dawa za kulevya. Mwingine akaandika mtihani, mwingine msichana, mwingine ngumi. Kila mtu aliandika kosa analolijua yeye. Nilimpigia mwanangu simu, haikushikwa. Baadaye ukaja ujumbe: "I'm okay Mum. Can't talk about it." Nikarudi kazini nikamwogesha mzee, nikamsabuni mgongo uleule mara tatu hata akaniuliza kama bado una uchafu.

Jumamosi iliyofuata mtangazaji alimtaja mara moja tu, mwanzoni, kwamba hatacheza kwa sababu za kinidhamu. Na nikwambie, siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina la baba mkwe wangu likitamkwa sawasawa kwenye televisheni ya Marekani. Walikuwa wamelifanyia mazoezi. Baada ya hapo hawakulitaja tena, wala siku hiyo wala Jumamosi zilizofuata, kama kwamba hapakuwahi kuwa na mtu wa namna hiyo.

Sasa, kwetu mtoto akikosa shuleni hutumwa nyumbani kuleta mzazi, na harudi darasani bila mzazi. Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa kwa sababu niliruka ua kwenda kununua mandazi. Mama yangu alikuja na viatu vya kuazima, akakaa kwenye benchi ofisini kwa mwalimu mkuu, akasikiliza kesi mwanzo hadi mwisho nami nimesimama pembeni nikiangalia sakafu. Alinitandika kwa maneno njia nzima ya kurudi, lakini alijua anachonitandikia. Hadithi hiyo nilimsimulia mwanangu tangu akiwa mdogo, naye alikuwa akiipenda kwa sababu ya mandazi.

Kwa hiyo nilingoja barua. Unaweza kunicheka. Kila nikitoka kazini nilikuwa nafuta theluji kwenye sanduku la posta na kupekua matangazo ya pizza na ya madaktari wa meno, nikitafuta barua ya kumwita mzazi. Haikuja. Nikajiambia labda wameona mzazi yuko mbali, wanaona haya kumsumbua. Nikabadilishana shifti na mwenzangu, nikavaa kitenge changu cha harusi za watu, nikapika chapati na ndengu, nikazitia kwenye hotipoti zisipoe, nikawasha gari.

Ofisi ya michezo ya chuo kile ni nzuri kuliko benki. Msichana wa mapokezi aliniuliza kama nina miadi.

"Mimi ni mzazi," nikamwambia.

Kwetu neno hilo hufungua mlango. Yeye alitabasamu, akaniuliza tena kama nina miadi. Nikalirudia neno langu kwa sauti kubwa kidogo, nikamtaja mwanangu, ndipo akapiga simu. Alikuja bwana mmoja wa idara yao ya habari, mpole kabisa, akanikaribisha maji ya chupa. Akaniambia kwamba wanafunzi ni watu wazima, na kanuni haziwaruhusu kumzungumzia mwanafunzi na mtu yeyote bila idhini yake, hata mama yake.

"Basi nani alikaa naye mlipokuwa mnamhukumu?" nikamuuliza.

Alinipa karatasi yenye taarifa ileile iliyokuwa gazetini, neno kwa neno. Halafu, kwa kuwa aliona nimetoka mbali, akanipa kofia yenye nembo ya chuo. Nilisimama pale na kitenge changu, kofia mkono mmoja na hotipoti mkono mwingine, na sijawahi kuwa mgeni katika nchi hii kama nilivyokuwa saa ile.

Mwanangu alinikuta kwenye maegesho. Lazima mtu alimwambia kuna mama amekuja amevaa nguo za maua. Akaingia garini, magoti yake yakagusa dashibodi, akakaa bila kunitazama.

"Mum, nobody's parents come here," akasema.

"Mimi si nobody's," nikamjibu. "Kula kwanza."

Akala chapati moja. Nikamuuliza maswali yangu kwa mpangilio wa hofu zangu.

"Umeua mtu?"

"No, Mum."

"Umemlazimisha msichana?"

"Mum! No."

"Umempiga mtu? Umeiba?"

Akatikisa kichwa.

"Basi ni nini?"

Alitazama nje, upepo ulikuwa unafagia theluji juu ya magari. "I can't. Not yet. Please." Kisha akanibusu shavuni, akachukua hotipoti, akaenda zake. Kichwa alikuwa amekiinamisha vile nilivyokiinamisha mimi ofisini kwa mwalimu mkuu, ila yeye hakuwa na mtu wa kukaa kwenye benchi.

Niliendesha gari kurudi nikilia, na kofia ile imekaa kwenye kiti cha pembeni kama abiria. Sikuwahi kuwa na upweke wa namna ile, hata baba yake alipoondoka. Baba yake alipoondoka nilikuwa na mtoto nyuma ya gari.

Akina mama wa kanisani walikuja kuniombea. Nasema ukweli, walikuja na chakula na waliomba vizuri. Msiba tunaujua, una taratibu zake, mtu anajua aje na nini na akae wapi. Aibu haina taratibu, kwa hiyo walikaa kwenye ncha za viti wakisifu mapazia. Mwishowe yule mama wa sufuria hakuweza kujizuia.

"My dear, unajua watu wanaongea. Na lisemwalo lipo. Kwani ni nini hasa alifanya? Si utushare tu, ndio tuombe tukijua?"

"Sijui," nikamwambia.

Nikaona hawakuniamini hata mmoja. Mama asiyejua kosa la mwanawe, kwao alikuwa ama mwongo ama mama wa bure. Walipoondoka niliosha vikombe vyao, nikavirudisha kabatini, na kwa muda mrefu hawakurudi.

Nikabaki na mzee wangu. Kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kuvuja, kwa hiyo kila Jumamosi aliuliza upya, kwa mshangao uleule: "Mshoto yuko wapi leo?" Mara ya kwanza nilimwambia amesimamishwa, akahuzunika, akauliza kwa nini, akakasirika kwamba hawasemi. Sikuweza kuipitia tena kila wiki. Jumamosi iliyofuata nikamwambia Mshoto ameumia goti. Nadhani lilinijia kwa sababu ya yale magoti kwenye dashibodi. Mzee akaguna kwa huruma, akasema goti ni jambo la kungoja tu. Basi likawa goti, wiki baada ya wiki, na yeye akawa ananipa ushauri wa barafu na wa kuinua mguu.

Siku moja nilichoka. Aliuliza kama kawaida, nami nikaweka shati lake chini nikamwambia, "Si goti. Amesimamishwa. Na huyo ni mwanangu."

Alipunguza sauti ya televisheni. "Kwa nini hukuniambia? Ningemsifu zaidi."

Nilicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Akaniuliza amefanya nini. Nikamwambia sijui, mimi ni mama yake na sijui, nilienda mpaka huko wakanipa kofia. Mzee alishika kiganja changu kwa vidole vyake vikavu, akasema mke wake angejua la kuniambia, yeye hajui. Tulitazama mchezo mpaka mwisho tumeshikana hivyo. Niliendesha kwenda nyumbani nikiwa mwepesi.

Wiki iliyofuata nilifika na furaha ya mtu anayekwenda kwa rafiki. Nikamwekea mto. Akageuka akaniuliza, "Mshoto yuko wapi leo?"

"Ameumia goti," nikasema.

Mwanangu alikuja Jumapili moja mchana, kwa basi, bila kunipigia simu. Nilikuwa sijaenda kanisani. Alisimama kwenye mkeka wa mlangoni na theluji mabegani, hotipoti yangu mkononi, imeoshwa.

"Coach amesema naweza ku-play tena," akasema. Huyu ni mtoto ambaye kwa miaka nilimsemesha Kiswahili akanijibu Kiingereza. Alikuwa anayatafuta maneno moja moja. "Lakini... ulisema mtu harudi bila mzazi. So nimekuja."

Nikavuta kiti, nikakaa. Sikuwa na benchi, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, naye akabaki amesimama mpaka nilipomwambia aketi. Akanieleza yote, mwanzo hadi mwisho, kidogo Kiswahili na sehemu ngumu Kiingereza. Nilimtandika kwa maneno, si kidogo, kisha nikampikia.

Kosa lenyewe sitaliandika. Halikuwa hata moja kati ya yale niliyoyasoma kwenye maoni, wala halikuwa dogo kama nilivyoomba liwe. Mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi, na mimi naongeza kwamba hakipelekwi sokoni kuonyeshwa. Yule mama wa sufuria aliponipigia simu kuuliza, maana alisikia kijana alionekana Apple Valley, nilijisikia nikimjibu kwa sauti pole kabisa, "Ni mambo ya ndani ya timu, dada. Hatutatoa maelezo zaidi." Baada ya kukata simu nilimkumbuka yule bwana wa kofia. Sikumsamehe, lakini nilimwelewa kidogo.

Jumamosi alipoingia uwanjani, chuo hakikutoa taarifa na gazeti halikuandika kitu. Kusimamishwa kulipata habari yake na picha yake, kurudi hakukupata hata mstari. Mtangazaji alisema tu fulani ameingia, na jina la baba mkwe wangu akalivuruga vilevile kama zamani. Nilifurahi kulisikia limevurugwa.

Mzee aliinua mgongo kwenye mto wake. Nilisubiri nione amebaki na nini, kama mkono wangu, kama neno mwanangu, kama ile siku tuliyoshikana. Alitazama, akatabasamu.

"Naona goti la Mshoto limepona," akasema.

"Limepona."

"Nani alimtibu? Goti si mchezo."

"Walimwita mama yake," nikamwambia, nikaacha nguo bila kukunjwa, nikavuta kiti nikaketi kando yake.