Nimefunga lango la bwawa, na mawingu yanakuja

Alhamisi, tarehe 16. Asubuhi mawingu mazito upande wa Uganda. Hakuna upepo. Joto mapema.

Ndivyo nilivyoandika leo kwenye shajara yangu, na nawaandikia kutoka humo nisije nikachanganya siku. Admin, ficha jina langu na la mji wetu. Sema tu ni kati ya Busia na Malaba. Nina miaka thelathini na mbili, nimesoma hadi kidato cha nne, nimeolewa na nina watoto wawili. Nafanya kazi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka.

Watu hunitania eti nachunga mavi. Lakini maji ya vyoo vya mji mzima hupitia kwetu kabla ya kufika mtoni. Bwawa la kwanza, uchafu unatulia chini. La pili ni kijani kama sukuma wiki, na huo ukijani ndio unaosafisha, ukisaidiwa na jua. La tatu lina bata. Mwisho kuna lango la chuma, na nje ya lango ni mto. Mama yangu mzazi anateka maji ya mto huo, mwendo wa nusu saa kutoka langoni.

Magari ya kunyonya vyoo pia humwaga kwetu. Kabla hayajamwaga, lazima nichote kidogo kwa chupa, niangalie, ninuse, ndipo niandike kitabuni. Mafuta ya magari ni marufuku. Yanaua ule ukijani.

Jumatatu dereva alikuwa baba mkwe wangu. Wa huku mnajua: mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe, hampi hata mkono. Sasa nimwendee na chupa, ninuse choo alichobeba? Nilisimama mbali, nyuma ya kibanda, macho chini. Naye akageukia upande mwingine akasema kwa sauti, "Mama Faith, ni choo cha shule tu. Andika."

Nikaandika: imekaguliwa, sawa.

Mwenzangu wa zamu alicheka sana. "Wewe dada, kumbe hata mavi ya mkwe yana heshima!" Nami nikacheka.

Jumanne bwawa la pili lilikuwa na utando unaong'aa. Jumatano likawa jeusi, linanuka gereji, na bata wawili walikuwa wamekufa. Jioni nilimuuliza mume wangu gari la mzee lilitoka wapi siku ile.

"Yadi ya malori," akasema. "Wanaosha injini pale. Walimwambia shimo limejaa, akanyonya. Mzee anajuaje mambo ya mabwawa?"

Nilirudi kazini hapo hapo nikafunga lango la mto peke yangu, bila kumwambia bosi. Kisha nikampigia mama asiteke maji. Akacheka. "Huu mto nimeunywa tangu nikiwa msichana. Kwani umekukosea nini?" Nilikata simu. Sijui kama alinisikia nikilia.

Tangu hapo maji yanaingia na hayatoki. Leo nimepima kwa kijiti: imebaki shubiri moja na nusu yafike juu ya ukuta wa udongo. Mvua moja kubwa, yote yanaenda mtoni. Kuna bwawa la akiba, tupu, lakini funguo za pampu anazo bosi. Nikimwomba ataitisha kitabu. Kitabu kina namba ya gari la mzee, na sahihi yangu.

Nilipomwambia mume wangu, hakunipigia kelele. Alisema tu, "Ukisema, baba atalala selo. Na wewe utarudi kwenu."

Kwetu ni kule chini kwa mama, kando ya mto huo huo.

Naogopa. Ningekuwa binti yenu, mngenituma kwa bosi, au kwanza kwa mzee, ambaye sijawahi hata kumtazama usoni? Niambieni ukweli, hata kama utaniuma. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, nitasoma majibu njiani. Na kama unasoma hii na unateka maji mtoni kwetu, tafadhali kesho usiteke.

Radi imelia mara moja, mbali. Bati bado kimya. Nazima taa nilale, saa nane na dakika kumi.