Masisi Haijibu

Kuna mlio mdogo ambao watu wengi hawaujali: ule wa tik, waya wa kompyuta unapoingia na kukaa kwenye tundu lake. Mimi nausikia kila siku. Nina sekretaria ndogo hapa Walikale. Napiga chapa, natoa fotokopi, natengeneza mashine za watu wanaoshuka kutoka machimbo ya Bisie na karatasi zilizojaa vumbi. Na kila nikiusikia, nisikufiche, narudi Mweso, kwenye nyumba yetu ya mbao, nikiwa na miaka kumi.

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa ofisi ya Papa. Humo kulikuwa na kompyuta yake na imprimante, mashine ya kuchapa karatasi. Mama alikuwa na kompyuta yake chumba cha nyuma, kando ya kitanda nilicholala, kwa sababu alipenda kupiga chapa mbali na kelele za wateja. Papa alitoboa tundu kwenye ubao, akapitisha waya wa buluu aliofunga ncha zake mwenyewe kwa koleo, na tangu siku ile kila Mama alichoandika Papa alikiona upande wa pili, akakitoa kwenye karatasi. Mimi niliona ni uchawi wa halali.

Mashine mbili zikiunganishwa, kila moja hupewa jina. Papa alikuwa mtu wa msitu, kwao ni Walikale. Mama alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, mtoto wa wakulima wa maharagwe na viazi. Basi kompyuta ya Papa iliitwa WALIKALE na ya Mama MASISI. Waya ulipolegea na mashine zikaacha kuonana, Papa alitangaza mbele ya wateja kwamba leo Masisi imekasirika, haitaki kuongea na Walikale. Mama alijibu kutoka chumbani kwamba Walikale ilipe kwanza mbuzi wa mahari waliobaki, ndipo Masisi itafikiria. Watu walicheka, kisha mmoja wao alisukuma waya, tik, na kazi ikaendelea.

Mama aliugua tumbo kwa wiki moja, akafia hospitalini. Sitaeleza zaidi ya hapo. Hata sasa siwezi.

Kwa ukoo wa Mama kuna desturi: kitu cha marehemu hakiguswi mpaka siku ya kutosha kilio, yaani kumaliza matanga. Siku hiyo kaka yake mkubwa hufika, hukigusa yeye wa kwanza, kisha hugawa. Nilikuwa nimeiona kazi hiyo bibi, mama yake Mama, alipofariki. Shangazi na mama wadogo walitandaza nguo zake kwenye mkeka, na kabla ya jua kuzama mkeka ulikuwa mtupu. Nilitafuta hata leso moja ya kunusa. Sikuipata.

Papa aliiheshimu desturi ile kuliko hata wakwe zake walivyoiheshimu. Alilala chumba cha mbele na wanaume wa kilio, hakuvuka mlango wa chumba cha nyuma. Lakini picha zote za Mama zilikuwa ndani ya MASISI: ya harusi, ya kwaya, ile ya kunibeba mgongoni njiani kwenda shambani. Hatukuwa na hata moja kwenye karatasi. Papa aliogopa mashine ikigawiwa ataenda nayo mtu asiyejua kilichomo, na mtu huyo atazifuta. Basi akawaza: kuvuta faili kwa waya si kugusa. Mkono unabaki chumba cha mbele.

Kompyuta ya Mama ilipangwa kujiwasha yenyewe kila umeme wa jenereta ulipofika, kwa hiyo mchana, Papa alipowasha, niliisikia ikianza kuvuma nyuma ya ubao kama siku zote Mama alipokuwa kazini. Nilisimama nyuma ya kiti cha Papa. Alianza na kazi ya wateja, orodha ya ubatizo iliyokuwa inangojewa parokiani. Kwenye kioo ilitokea picha ya mikoba miwili, ile ya kuwekea faili, na karatasi ndogo zikawa zinaruka kutoka mkoba mmoja kwenda mwingine. Papa alisema kesho tutachukua picha.

Mimi niliona karatasi zinatoka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inayoruka ni nakala, na kwamba ya kwanza inabaki mahali pake. Niliuona mkeka wa bibi. Nilijua kesho yake MASISI itakuwa tupu, na kwamba Mama, kile kidogo chake kilichobaki, alikuwa anamalizwa kupitia tundu la ubao. Jioni ile niliingia chumbani, nikabonyeza kale kalimi ka plastiki kwenye ncha ya waya kama nilivyomwona Papa akifanya, nikavuta. Sikuuficha waya. Niliuacha ukining'inia nyuma ya mashine, nikalala nimeikumbatia meza.

Siku tatu Papa alihangaika na WALIKALE peke yake. Aliizima, akaiwasha. Alikagua namba za anwani, akabadili, akarudisha. Aliondoa ulinzi, akaangalia kama mkoba umefunguliwa kwa wengine. Kisha aliandika ile amri ya kuita mashine nyingine, ambayo huita mara nne na kungoja. Aliita. Hakuna jibu. Aliita tena. Wanaume wa kilio walimtazama kwa huruma, na mmoja, kwa nia njema, alisema labda marehemu mwenyewe hataki. Nilikaa mlangoni na siri yangu, kwa hofu na kwa ushindi.

Siku ya nne risasi zilisikika upande wa Kitshanga. Tulibeba godoro, sufuria na unga, tukaziacha mashine zote mbili, tukafuata barabara ya Kalembe pamoja na Mweso nzima, mpaka tukafika kwa ndugu za Papa, msituni. Tuliporudi kuchungulia, miezi mingi baadaye, hata mbao za ukuta zilikuwa zimechukuliwa.

Nilikua. Papa alinifundisha kazi, na somo lake la kwanza, analolirudia hadi leo kwa kila mteja, ni hili: mashine zisipoonana, usiguse kitu kabla hujaangalia ka taa ka kijani penye tundu la waya. Kakizima, waya umetoka upande mmoja. Usihangaike na anwani. Sukuma waya.

Nimelisema somo hilo mamia ya mara. Ilikuwa mwaka jana tu, nikimwelekeza kijana wa Bisie, ndipo nilipouona tena ule waya ukining'inia nyuma ya MASISI. Papa alikuwa amekaa pale pembeni, kwenye kiti chake cha mbao, anachambua maharagwe. Mteja alipoondoka nilimwambia yote: mkeka, karatasi zinazoruka, kalimi ka plastiki. Nilimwambia kama mtoto, mimi mtu mzima wa watoto wawili.

Hakuinua macho kwenye maharagwe.

"Tangu siku ya kwanza niliona ka taa kamezimika," alisema. "Na mule ndani wewe njo ulikuwa unalala peke yako."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuniambia niurudishe.

"Ulikuwa unachunga mama yako. Ningekunyang'anya namna gani? Nilisema tungojee kilio itoke. Sikujua vita itatutangulia."

Siku zote zile tatu nilidhani namzunguka Papa, kumbe ndiye aliyekuwa ananizunguka mimi. Aliibonyeza mashine iliyokuwa nzima mbele ya watu, akakubali kuonekana fundi asiyejua kazi yake, ili pasiwe na mtu wa kuuliza nani ameingia chumba cha nyuma. Aliitoa sadaka sura ya mke wake ili nisiaibike. Nililia pale dukani, kilio ambacho sikukilia Mweso, na mteja aliyeingia alirudi nje taratibu.

Sura ya Mama sasa inanitoroka. Namkumbuka mikono na sauti. Uso unakuja nusu. Nikimuuliza Papa, ananieleza, na kila mara anaeleza tofauti kidogo.

Dukani nina kompyuta mbili. Moja nimeiita WALIKALE, nyingine MASISI. Asubuhi, kabla ya wateja, Papa huniomba niite. Nasukuma waya, naandika ile amri, na Masisi inajibu, mara nne. Yeye huitikia kwa kichwa, halafu anarudi kwenye maharagwe yake.